Kila Ugomvi na Jina Lake

Tangu nistaafu, watu wananiuliza ni kitu gani cha kazini ninachokionea hamu. Wanategemea niseme safari, au ofisi, au ninyi wenzangu mliobaki. Nawapenda sana, lakini ninachokionea hamu ni ugomvi. Nasema ugomvi wa watu wengine. Wa nyumbani kwangu unanitosha. Siku mliyoniaga mliniomba niseme machache, nikasema machache, nikapewa soda, na mengine yote yakabaki kifuani. Haya ndiyo yaliyobaki. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha, maana hazikuwa ndefu.

Nilianza kazi ya maendeleo ya jamii Nainokanoka, juu kabisa, ndani ya hifadhi. Mimi ni mtoto wa Mbulumbulu, nilidhani baridi naijua. Siku ya kwanza gari la ofisi lilinishusha kwenye ukungu mzito kiasi kwamba ng'ombe nilimsikia kengele kabla sijamwona pembe. Nilivaa gambuti za kuazima zilizonizidi miguu. Kwenye ukungu akatokea mama mmoja mrefu, sweta la kijani, shuka begani, akaja akinicheka miguuni.

"Wewe ndiye Fausta?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umekuja siku nzuri sana. Leo wanagombana!"

Alisema hivyo akisugua viganja, kama mtu aliyeambiwa nyama imeiva. Huyo ndiye Mama Nashipai, afisa aliyenitangulia, mzaliwa wa hukohuko, na mtu aliyenifundisha kazi. Aliupenda ugomvi kama wengine wanavyopenda mpira. Alikuwa akisema kikundi kisichogombana kimeshakufa, kimebaki kuzikwa tu.

Alinipeleka kwenye kikundi cha akina mama waliokuwa na ghala dogo la unga wa mahindi. Hoja ya siku ilikuwa nani ashike ufunguo. Walikuwa wanazungumza Kimaasai, sikuambulia neno, lakini masikio yalitosha. Mmoja alikuwa anachapa ardhi kwa fimbo. Mwingine alisimama, akaketi, akasimama tena. Shanga zililia kama mvua ya mawe. Nilimsogelea Mama Nashipai nikamnong'oneza, "Mama, huu ni mgogoro mkubwa. Tuite mwenyekiti wa kijiji?"

Akanigeukia kwa mshangao. "Mgogoro uko wapi? Haya ni mabishano. Huoni wanatazamana usoni? Siku utakapoona mtu anaongea huku anatazama mlima, hapo uniite."

Na kweli, baada ya muda walimpa ufunguo yule mchapa fimbo, wakacheka, wakanywa chai. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa bado natetemeka.

Tuliporudi, kwa miguu kama kawaida ya kule, alianza kunifundisha. Hakuwa na bango kitita wala kalamu za rangi, vitu ambavyo baadaye nilivibeba miaka mingi juu ya pikipiki na mvua ikavila. Alifundisha kwa kuonyesha. Tulipokuta vijana wawili wanabishana kuhusu njia ya kupeleka mifugo kwenye maji, alisema, "Hayo ni mabishano, dawa yake ni ukweli: twende tukaitazame njia." Tulipopita kwenye boma ambapo ndugu wawili walitaka ndama mmoja, alisema, "Huo ni mvutano. Kila mmoja ameshika kamba. Hapo ukweli hausaidii, maana wote wanaujua. Hapo lazima kila mtu alegeze mkono." Mzozo, alisema, ni mabishano yaliyokwishaita mashahidi. Mfarakano utauona msibani: watu wa mji mmoja wanaketi vikundi viwili. Uhasama ni pale mtu anapofurahi ng'ombe wa mwenzake akifa. Na fitina haina sauti kabisa, unaijua kwa sababu watu wananyamaza ukiingia.

"Ukikosea jina unakosea dawa," akasema. "Na usiwe na haraka ya kusema mgogoro. Neno hilo linakuja na gari la serikali."

Nilicheka. Baadaye niligundua kwamba neno "vita" linakuja na magari mawili.

Nilipohamishiwa upande wa Karatu, wakanipanga kwanza nyumbani kwetu Mbulumbulu. Nilifurahi, nikajiambia huku nawajua watu, nitapumzika. Sikupumzika. Sisi Wairaqw wa kule juu ni watu wa heshima. Kwenye kikundi cha kulima ngano hakuna aliyepandisha sauti hata siku moja. Watu walisalimiana, wakaulizana habari za watoto, wakakubaliana kila kitu, halafu hakuna kilichofanyika. Ilinichukua msimu mzima kuelewa kwamba nilikuwa nimeketi juu ya kinyongo kilichozeeka kuliko mimi. Mdomo unasalimia, mkono umelegea. Hilo neno Mama Nashipai hakuwa amenipa, maana kwake watu walitapika mambo palepale. Nilipompelekea habari alifurahi mno. "Aisee! Kumbe kuna wanaogombana kimya! Niambie, wanafanyaje?"

Miaka ikaenda. Ninyi vijana mkaja ofisini na maneno yenu: bifu, kuzinguana, kuchuniana. Wazee wenzangu waliyakataa. Mimi niliyapokea, maana kuchuniana, kwa mfano, kunasema wazi kwamba wote wawili wanafanya kazi ya kunyamaza, na ni kazi ngumu. Nilidhani sasa nimekusanya maneno yote. Ndipo nikapewa Baray, na mfereji.

Kule Baray, mnakujua, ni chini, jua kali, vitunguu kila upande, na uhai wote unapita kwenye mfereji. Kikundi cha mfereji kilikuwa na watu wa juu, walio karibu na banio ambapo maji yanachepushwa kutoka mtoni, na watu wa chini, wanaopata kilichobaki. Mwenyekiti alikuwa Mzee Gwandu, mtu wa juu, mtaratibu, kofia ya sufi hata kwenye jua la saa saba. Katibu alikuwa kijana wa chini, Daudi, mwepesi wa simu. Na chini hukohuko alikuwepo Mama Safari, mama wa watoto watano, mjane, mkulima hodari wa vitunguu, na mwenye sauti ambayo haikuhitaji spika.

Msimu ule maji yalipungua. Zamu ya watu wa chini ilipofika, mfereji ulileta maji ya kulowesha nyayo tu. Wakalalamika, wa juu wakasema sisi tumefunga milango yetu ya maji kwa wakati. Wakabishana, na hapo mambo yalikuwa bado mazima. Halafu jioni moja Mama Safari, amesimama kwenye matuta yake yaliyopasuka, alishika simu akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la mfereji. Ulikuwa mfupi. "Huko juu ni wezi tu. Wezi wa maji. Baba zao wezi, na wao wezi."

Kesho yake watu wa juu wote walikuwa wamelefti kundi. Watu wa chini wakafungua kundi jingine wakaliita Mfereji Halisi. Ule ujumbe ukasafiri, ukafika mnadani, ukafika kanisani, ukafika mpaka ofisini kwetu Karatu, ambako nilimkuta mkuu mmoja ameshaupa jina: mgogoro wa kikabila.

"Makabila gani?" nikamuuliza. Juu kuna Wairaqw na Wanyiramba, chini kuna Wanyiramba na Wairaqw. Mzee Gwandu na Mama Safari wanagombana kwa lugha moja ya nyumbani. Mkuu alinitazama, akakubali kusubiri. Alinipa wiki moja kabla hajapeleka gari. Nilitoka ofisini natembea kama msichana. Nadhani nilikuwa nasugua viganja.

Nilipofika Baray sikuitisha mkutano. Niliwaambia nataka kuutembea mfereji wote, kutoka juu kwenda chini, na pande zote mbili ziwepo, kila mtu wa chini aende sambamba na mtu wa juu. Wakakubali kwa shingo upande. Mama Safari alikataa kutembea na yeyote. Alivaa kandambili, akajifunga kanga kiunoni, akatangulia mbele peke yake kama anayekwenda kumkamata mtu.

Tulitembea kwenye jua lile, watu zaidi ya thelathini. Mzee Gwandu alinionyesha milango ya upande wake, kila mmoja umezibwa kwa udongo, mkavu. Mama Safari aliikagua yote, akapiga mmoja teke ili ahakikishe. Tukapita kwenye kichaka cha minyaa, mahali ambapo hakuna shamba la mtu, si la juu wala la chini. Mara Mama Safari akasimama, akanyoosha mkono.

"Nyamazeni! Sikilizeni!"

Tukanyamaza. Maji yalikuwa yanaongea, lakini hayakuwa ndani ya mfereji. Yalikuwa chini ya miguu yetu. Daudi akalala kifudifudi, akaweka sikio ardhini, akaruka juu kama aliyeumwa na siafu. "Yako humu! Yako humu chini!"

Jamani, natamani mngekuwepo! Watu walisahau nani wa juu na nani wa chini. Walikata minyaa, wakafukua, na pale ukingoni likatokea shimo la muhanga, yule mchimbaji wa usiku mwenye masikio kama ya punda. Lilikuwa pana, mtu mzima angeingia. Maji yalikuwa yanazama humo na kutokea kwenye korongo upande wa pili, yananywesha majani ya porini ambayo hakuna aliyeyapanda. Watu walipiga kelele kama timu imefunga bao. Tukaingia matopeni wote, mawe, matawi, udongo, magunia ya kuazima. Maji yalipogeuka na kushika njia yake, Daudi alikimbia nayo sambamba kuelekea chini, anayapigia mbinja kama ng'ombe. Nilirudi Karatu kwenye pikipiki nina matope mpaka kwenye nyusi, naimba. Nilimpigia mkuu nikamwambia gari asilete.

Siku chache baadaye Daudi alinipigia.

"Mama, maji yapo. Watu hawapo."

Ile sehemu tuliyoiziba ilikuwa ya matope na magunia tu. Walikuwa wamenunua saruji, wakapanga msaragambo, siku ya wote kushirikiana kuijenga sawasawa, maana ikibomoka vitunguu vinakauka wakati ndiyo kwanza vinajaza. Watu wa chini walikuja na makoleo. Wa juu hakuja hata mmoja. Daudi alimfuata Mzee Gwandu nyumbani, akamwomba. Mzee alimkaribisha, akampa kiti, akampa uji, kisha akamjibu taratibu: "Wezi hawajengi, mwanangu. Wezi wanabomoa. Tafuteni wajenzi."

Nikakata simu nikijiuliza. Shimo si tumeliona wote? Muhanga si ameshahukumiwa? Nikampigia Mama Nashipai. Alikuwa ameshastaafu, yuko Nainokanoka na ng'ombe zake, ikabidi nisubiri mpaka apande kilima ambako mtandao unashika. Nilipomsimulia habari ya muhanga alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza, "Sasa hivi wanatazamana?"

"Hapana, mama. Wanapitana njiani kama miti."

"Basi wewe unatibu mzozo uliokwisha. Mzozo ulikuwa wa maji, na maji mmeyapata. Hicho ulichonacho sasa ni kitu kingine. Kipe jina."

"Kinyongo?"

"Sijui. Mimi siko huko! Waulize wenyewe. Lakini Fausta, nakuonea wivu, wallahi."

Jumamosi tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi, wazee wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegonga mbao. Wa juu walikuja kwa sababu nilikwenda kumwita kila mmoja mlangoni kwake. Niliwaambia leo hatuzungumzi maji. Nikawaomba waache kwanza maneno ya mgogoro, vita, na lile la kwenye ujumbe wa sauti. "Kila mtu aniambie, kwa neno moja, ana nini na mwenzake."

Walitazamana, wakanitazama mimi, wakaona nimechanganyikiwa. Akaanza Daudi, kwa kuwa vijana hawaogopi: "Mimi nina bifu."

"Bifu ni nini?" akauliza bibi mmoja wa juu.

"Ni ugomvi, bibi, lakini wa kutupiana maneno kwa mbali."

"Ahaa. Basi na mimi ninalo. Nina bifu na wewe, maana uliitwa kwenye harusi ya mjukuu wangu hukuja."

Darasa likacheka, na kicheko kile kikafungua milango. Mmoja alisema hasira. Mwingine alisema woga, kwamba akienda kunywesha mbuzi juu atafukuzwa. Baba mmoja wa chini alisema yeye hana chochote ila amechoka kununa, mashavu yanamuuma. Nilikuwa naandika ubaoni kwa chaki, nimejaa furaha, kwa sababu kila neno lilikuwa jingine. Ofisini tulikuwa tumesema mgogoro mmoja. Hapa palikuwa na mambo kumi na kitu, na mengi yake yangeisha kabla ya chakula cha mchana.

Mzee Gwandu alibaki wa mwisho. Alivua kofia yake, akaiweka kwenye dawati.

"Aibu," akasema.

Nilikuwa nimeshaanza kuandika hasira. Nikafuta.

"Sina hasira na mtu," akaendelea. "Siku ya mnada nilikwenda kununua dume. Nilipofika kwenye kundi la wanaume, mmoja akasema, shikeni mifuko, mtu wa juu kaja. Wakacheka. Ni utani, naujua. Na mimi nikacheka. Nikarudi nyumbani bila dume. Sijaenda mnadani tena. Baba yangu ndiye aliyechimba ule mfereji na wenzake, kwa mikono, na amekufa bila kudaiwa hata punje. Sasa hata yeye kaburini ni mwizi. Maji mmeyaona yalikokuwa. Lakini lile neno bado linatembea, na mimi siwezi kulifukuzia."

Nilisimama na chaki yangu, na miaka yote ile, na maneno yote niliyokusanya, na nakiri kwamba la aibu sikuwa nalo. Mabishano, mvutano, kinyongo, fitina, yote ni majina ya kitu kilicho kati ya watu wawili. Hiki kilikuwa ndani ya mtu mmoja peke yake, na kilikuwa kimesimamisha mfereji mzima.

Mama Safari aliinuka. Dawati lilikwaruza sakafu. Hakumtazama mtu, alitoka nje, tukamwona kupitia dirishani anajifunga kanga kiunoni na kuondoka kwa mwendo ule wake. Watu wa juu wakaguna. Mmoja akasema, "Mnaona? Huyo ndiyo kasusa." Lakini Daudi, aliyekuwa dirishani, akasema, "Subirini. Hajashika njia ya kwao. Anapanda."

Tukatoka wote. Alikuwa anaufuata mfereji kuelekea juu, haraka, kandambili mkononi. Tukamfuata, wazee kwa vijana, mimi nakimbia na chaki. Mzee Gwandu alikuja nyuma kabisa, kofia mkononi, halafu nikaona amezidisha mwendo. Mama Safari hakusimama mpaka kwenye banio, mahali pa kwanza kabisa ambapo mto unaachia maji kuwa mfereji. Akaingia majini mpaka magotini. Akageuka, akamsubiri mzee afike, na alipofika akamtazama usoni.

"Mzee Gwandu. Lile neno nililituma kutoka chini likaja juu. Sikutaka kuliombea radhi darasani. Nimekuja kuliombea hapa lilipofikia." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Wewe si mwizi. Baba yako hakuwa mwizi. Nilikuwa natazama vitunguu vyangu vinakufa, nikatafuta wa kumlaumu. Kesho nitakwenda mnadani mimi mwenyewe, nitasimama katikati ya wale wanaume, na nitasema kwa sauti ileile. Unisamehe, baba. Neno hilo nalitema."

Akageuza uso, akatema mate. Pwaa! Ndani ya mfereji.

Mzee Gwandu aliyatazama yale mate yanavyozunguka kidogo kwenye povu, kisha yanashika mkondo na kuanza safari. Alivaa kofia yake, akainyoosha vizuri. Nikaona ndevu zinacheza.

"Nimekusamehe, Mama Safari," akasema. "Lakini mbona umelitemea huku juu? Si linateremka moja kwa moja mpaka shambani kwako?"

Kisha Mama Safari, bado yuko majini, machozi hayajakauka, akaangua kicheko kilichowarusha ndege kwenye mikuyu.

"Liache lije!" akapaza. "Vitunguu vyangu vitakuwa vikali msimu huu!"

Na Mzee Gwandu akavua viatu, akaingia majini na suruali yake, akauliza nani amebeba koleo.